Chaji Haikopesheki: Taa ya Sola na Wanawali Kumi



Somo: Mathayo 25:1-13

Vijana wenzangu, leo tunatafakari mfano wa wanawali kumi, na nitautumia kwa msaada wa kifaa ambacho wengi wenu mnacho au mmekiona: ile taa ndogo ya sola ya kufunga kwenye begi. Waliowahi kulala kwenye hema wanaijua vizuri. Ila kabla hujaendelea, fungua kwanza Biblia yako usome hiyo Injili. Ni aya 13 tu. Nakusubiri.

Umesoma? Haya, twende.

Kwanza tuijue taa yenyewe

Vijana wa parokia yetu tuna matembezi ya sala milimani Usambara. Tunaanzia Lushoto, tunapita msitu wa Magamba, tunafika Rangwi ambako masista wana nyumba inayopokea wageni, kisha tunaendelea mpaka Mtae, kule ukingoni ambako ukisimama unaona tambarare za Mkomazi zimelala chini yako. Siku tatu kwa miguu, na kila kitu chako kiko mgongoni. Ukishatembea hivyo mara moja, hutacheka tena mtu anayepima uzito wa mswaki. Kila kitu unachokiweka kwenye begi asubuhi, jioni kinakudai.

Sasa, usiku lazima kuwe na mwanga. Bibi zetu walikuwa na chemli. Taa nzuri, lakini inataka mafuta ya taa, ina kioo, na ndani ya hema ni hatari: kitambaa cha hema kinashika moto haraka sana, na moshi hauna pa kutokea. Mshumaa nao ni hivyohivyo, usiuwashe hemani hata siku moja. Tochi ya betri inakudai ubebe betri za akiba. Simu? Simu saa mbili usiku imeshazima, maana mchana kutwa ilikuwa inapiga picha.

Ndipo inapokuja taa ya sola. Juu ina paneli ndogo, katikati betri ya lithiamu, ndani taa za LED. Nyingi za wapanda milima zina uzito usiofika gramu 150, yaani kama kipande cha sabuni ya kuogea. Unaifunga juu ya begi, unatembea zako, yenyewe inakula jua. Jioni unaininginiza katikati ya hema, basi. Hubebi mafuta wala betri za akiba.

Kuna aina moja naipenda zaidi, ya kupuliza. Historia yake inagusa. Mwaka 2010, baada ya lile tetemeko kubwa la Haiti, wanafunzi wawili wa usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Anna Stork na Andrea Sreshta, waliwaza watu waliokuwa wanalala kwenye mahema bila mwanga. Wakabuni taa ya sola iliyo bapa kama bahasha, ili nyingi zitoshee kwenye boksi moja. Ukiipata unaipuliza kwa mdomo, inafura kama mto mdogo, na mwanga wake unasambaa vizuri pande zote. Kwa hiyo hiki tunachokiita kifaa cha kupandia milima, kilizaliwa kwa sababu ya watu waliopoteza nyumba. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Wote kumi walilala

Turudi kwenye Injili. Tumezoea kusema wale watano wapumbavu walikuwa wavivu, walilala. Soma tena. Bwana arusi alipochelewa, wote kumi walisinzia wakalala. Wenye busara nao walikoroma! Yesu hawalaumu kwa usingizi.

Tena wote kumi walikuwa na taa. Wote walitoka kwenda kumlaki bwana arusi. Ungewaona saa kumi na mbili jioni usingeweza kuwatofautisha. Wamevaa vizuri, wanaimba, pengine wako kwaya moja. Tofauti ilionekana saa sita ya usiku, lakini haikutokea saa sita ya usiku. Ilikuwa imeshatokea mchana, wakati hakuna aliyekuwa anaangalia.

Hapo ndipo taa ya sola inapotufundisha. Taa hii haijali unaitaka kiasi gani usiku. Ukiibonyeza saa nne usiku, inakupa jibu la saa sita mchana. Kama mchana ilikuwa juani, itawaka. Kama ilikuwa chini kabisa ya begi, imefunikwa na sweta na mkate, hakuna maombi ya kufunga na kukesha yatakayoifanya iwake usiku huo.

Sisi vijana tunapenda sana imani ya saa sita ya usiku. Mtihani wa mwisho umekaribia, novena. Majibu ya vipimo hayajatoka, rozari. Mchumba anataka kuondoka, mfungo. Wala sisemi vibaya, Mungu anasikia kilio cha saa yoyote, na yule mwizi msalabani ni shahidi. Nasema tu kwamba usiku ukishaingia, unatumia ulichonacho. Muda wa kuweka ni mchana, siku zile za kawaida ambazo huna shida yoyote.

Mwanga unagawanyika, chaji haikopesheki

Hili ndilo linalowasumbua wengi. Kwa nini wale wenye busara walikataa kutoa mafuta? Si ubinafsi huo? Tumefundishwa kugawana, mbona Yesu anawasifia wachoyo?

Kwenye matembezi kijana mmoja mtundu alisahau taa yake ndani ya begi mchana kutwa. Usiku akaja na wazo: akaichukua taa yake iliyozima, akaiweka paneli juu, akaninginiza ya mwenzake inayowaka juu yake. "Ichaji hapohapo," akasema. Hema zima tulicheka. Asubuhi taa yake ilikuwa vilevile, haikuweza kuwaka hata kidogo. Mwanga wa taa ni mdogo mno kuijaza taa nyingine. Ulimwezesha kuona viatu vyake usiku ule, akatoka nje salama, akarudi, akasoma sala zake. Lakini kujaza betri yake, hapana. Betri yake ilikuwa inataka jua lenyewe.

Umeona? Mwanga unagawanyika. Taa moja inatosha watu wanane kwenye hema, na haipungui kwa sababu wanane wanaitazama. Chaji ndiyo haikopesheki. Wale wanawali wenye busara hawakuwa wachoyo. Walikuwa wanaombwa kitu ambacho hakihamishiki: miaka yao ya kukaa na Bwana.

Wengi wetu tumekua kwenye mwanga wa taa za watu wengine. Mama ndiye anayetuamsha Dominika. Bibi ndiye anayeanzisha rozari ya jioni. Jumuiya ikija kusali nyumbani tunakaa pembeni, mwanga unatufikia, tunaona njia. Ni neema kubwa, usiidharau. Kisha unapata chuo Dodoma, au kazi Dar, au unaolewa mbali. Mama hayupo wa kugonga mlango. Dominika ya kwanza umechoka na safari, ya pili hujajua kanisa liko wapi, ya tatu una kufua. Mwezi wa nne unagundua kwamba huna hasira na Mungu, wala hujakana imani. Ni giza tu. Taa uliyokuwa unaona nayo ilikuwa ya mama.

Kama ndiwe unayesoma hapa, usijihukumu, ila usijidanganye pia. Hujapoteza imani ya mama, maana haikuwa yako. Sasa umefika wakati wa kupata yako.

Utaniuliza: mbona kwenye Kesha la Pasaka tunapeana moto, mshumaa kwa mshumaa, kuanzia ule mshumaa mmoja wa Pasaka mpaka mtu wa mwisho mlangoni? Ni kweli, na inapendeza sana. Moto wa kwanza tunapewa. Siku ya Ubatizo wako hukuwasha mwenyewe, msimamizi wako alishika mshumaa kwa niaba yako. Wanawali wote kumi nao walikuwa na taa zilizowaka. Kilichowaishia watano si moto, ni mafuta. Moto unapewa na Kanisa, na kuulisha huo moto ni kazi yako pamoja na Roho Mtakatifu, siku kwa siku.

Taa ikichajiwa haiwaki

Usiku mmoja tukiwa Rangwi, wengine wamelala, kijana mmoja alikuja kukaa karibu nami. Akaniambia, "Kaka, mimi nasali rozari kila siku tangu Kipaimara. Sisikii kitu. Wenzangu kwenye kuabudu Ekaristi wanalia machozi, mimi naangalia saa. Labda Mungu hanitaki."

Nikamuuliza, "Mchana taa yako ilikuwa wapi?"

"Juu ya begi."

"Uliisikia ikichaji?"

Akacheka. "Hapana."

"Uliiona ikiwaka?"

"Hapana, kaka. Kwenye jua lile ningeonaje?"

"Lakini sasa hivi unaniona uso?"

Hakujibu. Tulikaa kimya kidogo, kisha tukasali kumi moja la rozari, tukalala.

Mwaka uliofuata baba yake alipata kiharusi. Siku tisa alikuwa wodini, kisha akafariki. Yule kijana alinisimulia baadaye kwamba usiku wa kwanza mama yake alishindwa hata kusema Baba Yetu, maneno yalikuwa hayatoki. Yeye ndiye akaanza Salamu Maria. Hakupanga, mdomo ulifunguka tu kwa sababu ulikuwa umezoea. Usiku wa pili ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani wakaomba wajiunge. Mpaka usiku wa nane walikuwa watu kumi na kitu, wengine si Wakatoliki, wanasali kwa sauti ya chini ili wasiamshe wagonjwa.

Hakuniambia kwamba alisikia uwepo wa Mungu. Wala hakusema kwamba hakulia, alilia sana na hasira alikuwa nayo. Alisema hivi tu: "Kaka, zile siku tisa sikuzimika."

Rafiki yangu unayesali na husikii kitu, hilo neno ni lako. Paneli juani haitoi sauti wala haimetameti. Kama ungeihukumu kwa unachokiona mchana, ungesema imekufa. Kazi yake yote saa hiyo ni kukaa pale ilipo, imeelekea juu. Hata siku ya mawingu inapokea, ila taratibu zaidi. Wingu halijawahi kuzima jua. Endelea kukaa.

Vinavyozuia chaji

Wanaotumia taa hizi wanajua mambo matatu yanayoziharibia. Yapitie ukijipima dhamiri.

La kwanza ni kivuli kidogo. Kamba ya begi ikilala juu ya sehemu ndogo ya paneli, utadhani hasara ni ndogo kama kamba yenyewe. Sivyo. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, moja ikizibwa inazikwamisha nyingine, na umeme unaopatikana unaweza kupungua kuliko ukubwa wa kile kivuli. Kuna dhambi moja tunaitunza pembeni: "Hii tu, mengine yote niko sawa." Ni ile picha unayoitazama usiku, ni yule mtu uliyeapa hutamsamehe. Unashangaa kwa nini Misa haikugusi. Kitubio kipo. Padre yupo. Nenda ukaisogeze hiyo kamba.

La pili ni kabati. Taa ikiwekwa kabatini mwaka mzima bila kuchajiwa, betri yake inashuka yenyewe polepole, na ikikaa tupu muda mrefu inaweza kufa kabisa. Haikuvunjwa na mtu wala haikuanguka, iliachwa tu. Mkristo wa Noeli na Pasaka, nadhani tumeelewana.

La tatu ni mzigo uliorundikwa juu. Taa ni nzima, jua lipo, ila begi limejaa mpaka imesukumwa chini. Yesu alipowatuma wale Kumi na Wawili (Marko 6:7-13) aliwaruhusu fimbo na viatu, akawakataza mkate, mkoba, pesa mshipini na kanzu ya pili. Hakuwa anawatesa. Alitaka wafike. Sisi asubuhi kabla hatujapiga ishara ya msalaba tumeshabeba magrupu sita ya WhatsApp, ugomvi wa watu tusiowajua, na maisha ya watu mashuhuri. Hapo sala itakaa wapi?

Labda utasema: mbona pale anasema msibebe kitu, na kwa wanawali anasifu waliobeba mafuta ya akiba? Taa ya sola inatusaidia kuelewa. Inakuruhusu kusafiri mwepesi na bado usiku usiwe mtupu, kwa sababu akiba yake haitoki kwenye mzigo, inatoka juu. Anayemtegemea Mungu kila siku habebi vingi, na hapungukiwi.

Pumzi

Ile taa ya kupuliza ina jambo moja zaidi. Unaweza kuichaji bado ikiwa bapa. Lakini ili isambaze mwanga vizuri, ni lazima kwanza mtu aipulizie pumzi yake. Soma Mwanzo 2:7, Mungu alivyompulizia mtu wa udongo pumzi ya uhai. Soma na Yohane 20:22, Yesu mfufuka mbele ya mitume waliojifungia kwa hofu. Watu bapa kabisa! Akawavuvia Roho Mtakatifu. Ulipakwa Krisma siku ya Kipaimara si kwa ajili ya picha. Ulipewa pumzi ili mwanga ulio ndani yako uwafikie wengine.

Na uwafikie vizuri. Kwenye hema, taa inaninginizwa katikati na juu kidogo. Haielekezwi machoni mwa mtu. Anayekumulika usoni hakuonyeshi njia, anakupofusha. Kuna kuhubiri kwa namna hiyo, hasa mitandaoni: aya za Biblia kama mawe. Punguza mwanga, tundika katikati, watu watasogea wenyewe.

Mtakatifu mwenye begi mgongoni

Tunaye msimamizi wa mambo haya. Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1901. Alipenda sana kupanda milima ya Alpi na marafiki zake. Alikuwa anapokea Ekaristi kila siku na kushiriki kuabudu usiku. Familia yake ilikuwa tajiri, lakini pesa zake za mfukoni ziliishia kwa maskini, na nyumbani wengi hawakujua. Mwaka 1925 alipata polio ikamuua ndani ya siku chache, akiwa na miaka 24. Jioni ya kuamkia kifo chake, mkono wake ukiwa umeshaanza kupooza, aliandika kikaratasi kwa shida ili mgonjwa mmoja maskini apelekewe dawa yake ya sindano. Siku ya mazishi familia ilishangaa kuona maelfu ya maskini wa jiji wamejaa barabarani. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu, pamoja na Carlo Acutis.

Hebu fikiria ule mkono. Usiku ulikuwa umemwingia haraka, hakuwa na muda wa kujiandaa. Kilichotoka ni kile kilichokuwa kimewekwa ndani yake asubuhi baada ya asubuhi mbele ya Ekaristi. Na hakikutoka kwa ajili yake mwenyewe. Kama ile taa iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa mahemani, mwanga wa Mkristo una mwenye haki nao, na mara nyingi ni mtu asiye na nyumba, asiye na dawa, asiye na mtu.

Zoezi la wiki hii

1. Dakika kumi kila asubuhi kabla hujawasha data. Soma Injili ya siku, kaa kimya. Usitafute kusikia kitu.
2. Kama umehamia mji mpya, tafuta parokia na jumuiya yako kabla ya Dominika. Muulize hata bodaboda, anajua kanisa lilipo.
3. Panga siku ya Kitubio. Andika tarehe.
4. Chagua mtu mmoja aliye gizani, umtembelee. Usimhubirie, kaa naye.

Tusali

Bwana Yesu, wewe ni jua letu. Tunakuletea siku zetu za kawaida, zile ambazo hazina machozi wala shangwe. Tuweke mbele yako hata tusiposikia kitu. Ondoa kivuli tunachokikumbatia. Utuvuvie tena Roho wako. Na bwana arusi atakapochelewa, na usiku ukawa mrefu kuliko tulivyodhani, tusizimike, wala jirani yetu asikose mwanga kwa sababu yetu. Amina.

Bikira Maria, Nyota ya Asubuhi, utuombee.
Mtakatifu Pier Giorgio, utuombee.

Uwe na wiki njema. Taa iko juani?